Elimu ya dini katika shule za msingi: Ilikotoka, inavyofunzwa na maswali inayozua

ELIMU ya dini ni miongoni mwa masomo ya kale zaidi katika shule za msingi humu nchini, na huenda ndilo somo lenye utata mwingi kuliko yote. Hesabu haibadiliki mtoto anapohama kutoka Kisumu hadi Lamu. Somo la dini hubadilika: kitabu huwa kingine, mwalimu huwa mwingine, na hata maamkizi ya kuanzia kipindi huwa mengine.

Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinatamka wazi kwamba Kenya haina dini ya taifa. Hata hivyo, dola iyo hiyo huandaa mitaala ya dini, huajiri walimu wa kuifunza na hutahini wanafunzi katika somo hilo. Ili kufahamu jinsi mambo haya mawili yanavyokaa pamoja, sharti kwanza kuangalia somo hili lilikotoka.

Asili ya somo

Kabla ya kuja kwa shule za kizungu, mtoto alifunzwa dini pale pale alipofunzwa kuishi. Katika jamii nyingi za bara, wazee walimweleza kuhusu Mwenyezi Mungu, mizimu ya mababu na miiko ya ukoo wakiwa motoni jioni, na mafunzo hayo yakakamilishwa jandoni. Hapakuwa na neno la kutenganisha dini na maadili, wala maadili na kazi.

Katika mwambao wa Pwani, chuo cha Kurani kilikuwapo karne nyingi kabla ya ukoloni. Mtoto alianza kwa kutamka herufi, akaendelea na juzuu hadi akahitimu msahafu. Mjini Lamu, Habib Saleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija, alianzisha mafunzo ya Riyadha mwishoni mwa karne ya 19, na kituo hicho kikavuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwenzake, Johannes Rebmann, alijiunga naye 1846, na wakafungua kituo cha misheni huko Rabai. Hapo ndipo elimu ya shule na mahubiri zilipofungwa pingu moja. Mwanafunzi alifunzwa kusoma ili aweze kusoma Biblia, na aliyekubali kusoma alihesabiwa kuwa amekubali imani. Si ajabu kwamba miongoni mwa Agikuyu, Wakristo wa mwanzo waliitwa athomi, yaani wasomaji.

Fungamano hilo lilizua upinzani wa aina mbili. Katika eneo la Kati, mvutano wa mwaka 1929 baina ya makanisa ya kimisheni na waumini wao kuhusu tohara ya wasichana uliwafanya wazazi wengi kuwaondoa watoto na kuanzisha shule huru. Wazazi hao hawakuukataa Ukristo wala elimu. Walichokataa ni mmisionari kuwa mwamuzi wa mila zao. Serikali ya kikoloni ilizifunga nyingi za shule hizo baada ya kutangaza hali ya hatari mwaka 1952.

Pwani, wazazi Waislamu waliziepuka shule za misheni kwa hofu kwamba watoto wao wangebatizwa. Gharama ya hofu hiyo ilikuwa kubwa, kwani jamii hiyo ilibaki nyuma katika elimu ya kisasa. Katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, aliwahimiza Waislamu kushika elimu zote mbili, ya dini na ya dunia. Aliandika pia vitabu vya Kiswahili vya kuwafunzia watoto dini yao, na hivyo kuonyesha kwamba somo hili lingeweza kutolewa kwa lugha ambayo mtoto anaielewa.

Baada ya uhuru

Uhuru ulipopatikana mwezi Desemba 1963, serikali iliunda tume ya elimu chini ya uenyekiti wa Profesa Simeon Ominde. Tume hiyo ilikabiliwa na swali gumu: nchi isiyo na dini rasmi ingefanya nini na maelfu ya shule zilizojengwa na makanisa? Jibu lake lilikuwa kwamba somo la dini libakie, lakini lifunzwe kama somo lolote lile la kitaaluma badala ya kuwa chombo cha kuwavuta watoto katika kanisa fulani.

Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka msimamo huo kwenye maandishi. Shule zilichukuliwa na umma, na makanisa yaliyozianzisha yakawa wafadhili wenye usemi kuhusu malezi ya kiroho. Mzazi naye alipewa haki ya kuomba mwanawe asishiriki ibada au mafunzo ya dini shuleni. Haki hii haijulikani na wengi, na wanaoijua aghalabu huona haya kuidai.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, elimu ya dini iliendelea kutahiniwa katika mtihani wa darasa la nane, KCPE. Kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya karatasi moja na Somo la Jamii, ambapo maswali 60 yalihusu jamii na 30 yalihusu dini. Mtahiniwa alijibu sehemu moja tu, ya Ukristo, Uislamu au Uhindu. Maswali hayo 30 yaliweza kumpandisha au kumshusha mtoto aliyekuwa aking'ang'ania nafasi katika shule nzuri ya upili, na kwa sababu hiyo walimu wengi waliligeuza somo kuwa la kukariri: majina ya mitume, idadi ya rakaa, tarehe za sherehe.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 baada ya majaribio, elimu ya dini ni mojawapo ya masomo ya gredi ya kwanza hadi ya sita. Badala ya kuuliza tu mwanafunzi anajua nini, mtaala huu unauliza pia anaweza kufanya nini na anaishi kwa maadili gani.

Mitaala mitatu

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini hutayarisha mitaala mitatu ya dini kwa shule za msingi. Wa kwanza ni wa Dini ya Kikristo, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake, CRE. Mtoto huanza na uumbaji na familia, kisha Biblia, maisha ya Yesu, maadili ya Kikristo na kanisa. Wakatoliki na Waprotestanti hutumia mtaala huu mmoja, jambo ambalo si dogo kwa kuzingatia ushindani uliokuwapo baina yao enzi za misheni.

Wa pili ni wa Dini ya Kiislamu, IRE. Huu hugusia Kurani, Hadithi, nguzo za imani, ibada, tabia njema, mahusiano ya watu na historia ya Uislamu. Mtoto anayehudhuria madrasa, au duksi kama inavyoitwa Kaskazini Mashariki, huwa tayari amejifunza sehemu ya mambo haya. Mwalimu wa shule hulazimika kumhudumia mtoto aliyehifadhi sura nyingi na mwingine asiyejua hata moja, wote katika dawati moja.

Wa tatu ni wa Dini ya Kihindu, HRE. Jina lake huficha upana wake, kwani ndani yake zimo imani nne: Uhindu wenyewe, Ujaini, Ubudha na Usikhi. Watoto hujifunza uumbaji, maandiko, misingi ya dharma, ibada, sherehe na hata yoga. Kwa namna fulani, huu ndio mtaala pekee kati ya mitatu ambao umejengwa tangu mwanzo juu ya wazo kwamba watoto wa imani mbalimbali wanaweza kufunzwa pamoja bila yeyote kudharauliwa.

Aghalabu shule hutenga pia kipindi kimoja kwa wiki cha malezi ya kiroho. Hicho hakitahiniwi, na ndipo mchungaji, padri au ustadhi anapokaribishwa kuzungumza na watoto wa imani yake.

Wanaoachwa nje

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Wakristo ni takriban asilimia 85 ya Wakenya. Waislamu ni zaidi ya milioni 5 na Wahindu ni zaidi ya 60,000. Lakini sensa hiyo ilihesabu pia zaidi ya watu 300,000 wanaofuata dini za jadi, na zaidi ya 750,000 waliosema hawana dini yoyote. Wafuasi wa dini za jadi na wasio na dini wakiwekwa pamoja, wanawashinda Wahindu kwa mbali mno, ilhali watoto wao hawana mtaala wao.

Hili ni jambo la kutafakariwa katika nchi iliyomzaa Profesa John Mbiti. Msomi huyo mzaliwa wa Kitui, aliyefariki mwaka 2019, alichapisha mwaka 1969 kitabu kilichoufahamisha ulimwengu kwamba Mwafrika alikuwa na dini kamili kabla ya mmisionari kufika. Vyuo vikuu vya nchi nyingi hukisoma kitabu hicho. Mtoto wa shule ya msingi wa Kenya anayezijua dini za mababu zake hukutana nazo zaidi kama utangulizi wa jambo jingine.

Pengo la pili ni la walimu. Kisheria, mtoto anaweza kusoma dini ya kwao. Kivitendo, anasoma dini ambayo shule ina mwalimu wake. Mtoto Mwislamu katika kijiji cha Magharibi au Mlima Kenya hujikuta akisoma CRE kwa sababu hakuna mwalimu wa IRE. Mtoto Mkristo katika baadhi ya shule za Kaskazini Mashariki hukumbwa na hali hiyo hiyo kwa upande wa pili. Wapo wanaoketi tu nyuma ya darasa wakisubiri kipindi kiishe, na wapo wanaofaulu vyema katika dini isiyo yao, wazazi wasijue wafurahi au wahuzunike.

Sheria na mahakama

Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Kinakataza pia kumlazimisha mtu kutenda jambo linalokwenda kinyume cha imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, inamruhusu mfadhili kusimamia malezi ya kiroho na kuweka kasisi shuleni kwa gharama yake, lakini inamtaka alinde imani ya wanafunzi wasio wa dhehebu lake.

Mpaka baina ya haki ya mfadhili na haki ya mwanafunzi umepimwa mahakamani mara kadhaa, hasa kutokana na kesi za shule za upili. Mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wasichana Waislamu katika shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na kanisa waruhusiwe kuvaa hijabu. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo mwaka 2019 kwa misingi ya utaratibu uliotumiwa kuwasilisha dai lenyewe. Mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa iliwapa ushindi wanafunzi Waadventista waliotaka kuitunza Sabato siku ya Jumamosi. Na mwezi Septemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba shule haikuwa na haki ya kumfukuza msichana wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake.

Ukizisoma hukumu hizo kwa pamoja, jambo moja hujitokeza: mwanafunzi haachi imani yake langoni pa shule. Kanuni hiyo haina umri. Inamhusu mtoto wa gredi ya pili sawa na inavyomhusu kijana wa kidato cha nne.

Kufunza dini au kufunza kuhusu dini?

Wataalamu wa elimu hutofautisha njia tatu. Ya kwanza ni kumfunza mtoto dini ili awe muumini, kama ifanywavyo katika madrasa na Shule ya Jumapili. Ya pili ni kumfunza kuhusu dini, yaani ajue watu huamini nini na kwa nini, minghairi ya kumtaka aamini. Ya tatu ni kumsaidia ajifunze kutokana na dini: ayapime maisha yake mwenyewe kwa maswali ambayo dini huuliza kuhusu haki, kifo, msamaha na wema.

Mitaala ya Kenya inachanganya ya kwanza na ya tatu. Afrika Kusini ilichagua njia tofauti. Sera yake ya mwaka 2003 ilitenganisha elimu kuhusu dini, ambayo ni kazi ya shule, na mafundisho ya kuwajenga waumini, ambayo iliachiwa familia na jumuiya za kidini. Nchini Uingereza, tume iliyochunguza somo hili ilipendekeza mwaka 2018 liitwe Dini na Mitazamo ya Ulimwengu, ili mtoto wa familia isiyo na dini naye ajione ndani yake. Uganda, kwa upande mwingine, inashabihiana na Kenya, ambapo watoto hufunzwa Ukristo au Uislamu na maswali ya dini huwekwa pamoja na ya Somo la Jamii.

Kila njia ina hasara yake. Kufunza kuhusu dini zote kwa mtoto wa miaka saba kunaweza kumwachia majina matupu ya sherehe na vyakula. Kufunza dini moja peke yake kunaweza kumkuza mtoto anayeijua vyema imani yake na asiyejua lolote kuhusu jirani yake, isipokuwa uvumi.

Mtoto huelewaje?

Umri una uzito mkubwa katika somo hili. Mtafiti Mwingereza Ronald Goldman alichapisha mwaka 1964 utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa shule za msingi huzichukua hadithi za maandiko matakatifu jinsi zilivyo, neno kwa neno, na kwamba uwezo wa kufahamu mafumbo huja baadaye. Wengine wamempinga wakisema aliwadharau watoto, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kuulizwa iwapo Mungu ana ngazi ndefu anajua alichokuwa akisema.

Hii ndiyo sababu maneno ya mwalimu yanahitaji uangalifu. Mtoto akiambiwa kwamba kundi fulani la watu limepotea, haelewi kwamba hiyo ni lugha ya itikadi. Huelewa kwamba mwenzake anayeketi kando yake ni mtu mbaya. Akiambiwa kwamba ugonjwa ni adhabu, huenda nyumbani akamtazama nyanya yake mgonjwa kwa jicho jingine.

Mwalimu afanyeje?

Mbinu zifuatazo zimethibitika kuwa na manufaa katika madarasa yenye watoto wa imani tofauti. Kwanza, mwalimu ataje wenye imani anapoeleza imani: "Waislamu huamini hivi", "Wakristo husema hivi", "Wahindu hufanya hivi". Kwa maneno hayo machache, hakuna mtoto anayelazimishwa kukiri asichokiamini, na hakuna anayesikia imani yake ikikejeliwa.

Pili, aanzie kwenye mambo ambayo watoto wanayafahamu. Idi, Krismasi na Diwali ni siku ambazo mtoto wa Mombasa, Nairobi au Kisumu ameziona mtaani kwao. Kutoka pilau ya jirani, mwalimu anaweza kufika kwenye funga, sadaka na shukrani.

Tatu, asimgeuze mtoto mmoja kuwa msemaji wa dini nzima. Kumwamuru mtoto pekee Mwislamu au Mhindu darasani aeleze kila kitu ni kumtwika mzigo asioumudu. Aalikwe mzazi au kiongozi, kwa idhini ya shule.

Nne, akubali kusema "sijui" na "waulize wazazi wako". Yapo maswali, mathalan hatima ya rafiki wa dini nyingine baada ya kifo, ambayo mwalimu wa umma hana mamlaka ya kuyatolea hukumu.

Mzazi naye ana wajibu wake. Anapomsajili mtoto, aulize shule inafunza dini ipi, nani mfadhili wake na mtoto asiye wa dini hiyo hufanya nini wakati wa kipindi na wakati wa ibada. Ombi lolote la kumwondolea mtoto ushiriki ni vyema liandikwe na kuwasilishwa kwa mwalimu mkuu mapema, badala ya kusubiri hadi mzozo uzuke.

Uzito wa somo

Wapo wanaoona somo hili kuwa la kupitisha wakati. Matukio ya miaka ya karibuni yanawakosoa. Mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu ambao inadaiwa waliagizwa kufunga hadi kufa ili wamwone Mungu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Somo la shule pekee lisingewaokoa watoto hao. Ila mtu aliyezoeshwa tangu udogoni kuuliza "hili limeandikwa wapi, na wengine wanalielewaje?" hababaishwi kwa wepesi na anayejitangaza kuwa ndiye mwenye ufunguo pekee wa mbinguni.

Mwezi Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia basi katika Kaunti ya Mandera na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja awali, abiria 28 wasio Waislamu walikuwa wameuawa katika kaunti hiyo baada ya kutengwa hivyo. Mara hii abiria Waislamu walikataa kuwaacha wenzao. Mmoja wao, Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki mwezi Januari 2016. Taifa lilimtunukia nishani baada ya kifo chake, na kisa cha basi hilo kikachochea filamu ya Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Salah Farah alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kazi hiyo ya kukunja, kwa wema au kwa ubaya, hufanywa katika vipindi vichache vya kila wiki ambavyo wengi huviona kuwa vya kujazia ratiba.